Kuchuja Maonyo Bila Kuziba Masikio



Mfumo wetu wa kupokea taarifa za visima kutoka vijijini umejengwa kwa Django, kiunzi cha bure cha kutengenezea programu za tovuti, kilichotolewa kwa umma mwaka 2005. Hitilafu ikitokea, Django humtumia msimamizi barua pepe.

Lakini kwenye intaneti ziko programu zinazozunguka usiku na mchana zikipiga hodi kila mahali, zikiita seva kwa majina yasiyo yake. Django huzikatalia mlangoni, kisha huandika barua pepe kwa kila hodi. Barua zilijaa hata tukaacha kuzisoma. Ndipo fomu ya kuripoti pampu mbovu ilipogoma kuhifadhi taarifa. Onyo lilikuja, likafunikwa. Kijiji kikasubiri fundi ambaye hakuwa na habari.

Wengine walishauri tuzime barua zote. Lakini anayepeta mtama hatupi ungo. Tumeagiza maonyo ya majina ya uongo yaandikwe kwenye faili tu, na faili likaguliwe kila Jumatatu. Kosa la 500, yaani seva imeshindwa kutimiza ombi, linaendelea kutumwa papo hapo.

Kazi hii ilihitaji mistari michache ya maelekezo, si fedha mpya. Basi, kwa kila mfumo mnaoufadhili au kuusimamia, ulizeni: maonyo yanamfikia nani, na je, anayasoma?