Kazi za Mikono kwa Mwenye Maumivu ya Mgongo

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa vikundi vya wanawake wasusi wa mikeka na vikapu)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linalojirudia katika taarifa za vikundi zinazofika ofisini kwetu. Mwanakikundi anaumwa mgongo, wiki zinapita hafiki kazini, na wenzake wanauliza kama abaki katika orodha au aondolewe. Mimi si tabibu. Yale nitakayosema kuhusu maradhi ni yaliyokwisha kukubaliwa na wataalamu wa afya. Na kuhusu mikeka, ninyi ndio walimu wangu.

Maumivu ya chini ya mgongo, ambayo wengi wetu huyaita kwa kifupi "kiuno", si aibu ya mtu mmoja wala ya kijiji kimoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa nayo, na hakuna ugonjwa mwingine unaowazuia watu wengi zaidi kufanya shughuli zao. Kwa wagonjwa walio wengi haipatikani hitilafu moja ya kuonyeshwa kwa kidole, na wengi wao hupata nafuu ndani ya wiki chache. Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani unapoanza, kwa kuwa jeraha halionekani. Mwenye mgongo huogopa mambo mawili: maumivu yenyewe, na kuitwa mvivu.

Zamani mgonjwa wa namna hii aliambiwa alale kitandani hadi apone. Ushauri huo umeachwa. Kulala siku nyingi hudhoofisha misuli na kurefusha ugonjwa. Mgonjwa anahimizwa atembee na aendelee na shughuli zake kwa kadiri anavyoweza, akiziongeza kidogo kidogo. Kwa hiyo swali la vikundi vyetu lisiwe kama mgonjwa afanye kazi au asifanye. Liwe ni kazi gani, kwa muda gani, na ameketi vipi.

Tuutazame mkeka. Tunausema kama kazi moja, kumbe ni kazi nyingi. Kuna kwenda kukata makindu na kubeba mzigo. Kuna kuchana na kuanika. Kuna kuchemsha rangi, na sufuria iliyojaa maji ya rangi ni nzito na lazima uinuliwe kutoka chini. Kuna kusuka ukili. Mwisho kuna kuushona ukili kwa shazia, nao mkeka unapokua humlazimu mshonaji kukaa chini, miguu imenyooshwa, kiuno kimekunjwa, akiuvuta mzigo unaozidi kuwa mpana.

Katika hizo zote, kusuka ukili ndiyo kazi ya mgonjwa. Ukili ni mwembamba na mwepesi. Unaweza kusukwa mtu akiwa juu ya kiti chenye egemeo, akisimama, hata akitembea uani akisema na majirani, kama bibi zetu walivyofanya bila kufundishwa na mtu. Kukata, kuchemsha na kushona kuachiwe wenzake kwa muda. Kudarizi kofia na kufuma vitambaa ni hivyo hivyo, mradi kazi iinuliwe ifikie macho kwa kuweka mto mapajani, badala ya kichwa kuifuata kazi chini. Cherehani inahitaji uangalifu zaidi, hasa kwa aliye na stuli isiyo na egemeo, maana mshonaji huinama mbele bila kujijua.

Lakini hata kazi nyepesi ina hila yake, nayo ni utamu. Mkono ukishazoea mchoro, saa mbili hupita kama dakika kumi, na mtu akitaka kuinuka anakuta kiuno kimekauka. Hakuna mkao mmoja ulio salama ukidumu mno. Takribani kila nusu saa aweke kazi chini, anyanyuke, atembee hadi mlangoni na kurudi. Kesho yake ajipime: maumivu kidogo yanayotulia si sababu ya kuacha, yakiwa makali kuliko ya jana, apunguze muda, asiache kabisa.

Niseme pia juu ya nyumba zenyewe, kwa kuwa mtu hawezi kuulinda mgongo kikundini na kuuvunja jikoni. Ufagio wa chelewa ulio mfupi humfanya mwanamke afagie uwanja mzima amekunjika. Ufungieni mpini mrefu wa fito. Ni kazi ya robo saa na haigharimu chochote. Mafiga matatu yaliyo chini yanaweza kupisha jiko banifu la udongo na matofali lililoinuliwa hadi kimo cha kiuno. Kichanja cha vyombo na meza ya kuwekea beseni la kufulia viwe kimo hicho hicho. Kuchimba udongo na kubeba matofali si kazi ya mgonjwa, na hapa nawageukia baba na vijana waliofuatana nasi leo: kazi hizo ni zenu. Yeye atawaonyesha kimo kinachomfaa, maana anayejua kimo ni anayepika. Na ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Katika kipindi hiki abebe madumu madogo mawili, moja kila mkono, au abebewe.

Kuhusu dawa, nasikitika kuona jinsi sindano na vidonge vya maumivu vinavyonunuliwa dukani kama pipi. Diklofenaki ikitumiwa mfululizo bila ushauri yaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Anzeni zahanati. Mganga atampima mgonjwa na, ikibidi, kumwandikia rufaa aende kituo cha afya au hospitali, ambako mtaalamu wa mazoezi tiba atamfundisha mazoezi yanayolingana na hali yake.

Yako maumivu ya mgongo ambayo hayasubiri ukili wala mazoezi. Mgonjwa akifa ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, akishindwa kuzuia haja ndogo au kubwa, au mkojo ukigoma kutoka, au miguu ikilegea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kuchelewa kunaweza kumwachia ulemavu. Vivyo hivyo aliyeanguka au kupata ajali. Na mwenye maumivu yasiyotulia hata akilala, akiwa na homa, jasho la usiku au anapungua uzito, asidhani ni kiuno cha kawaida. Kifua kikuu hushambulia pia mifupa ya uti wa mgongo, wakati mwingine bila kikohozi chochote. Matibabu yake katika vituo vya Serikali hutolewa bila malipo.

Sasa nirudi kwenye swali la orodha. Vikundi vingi vilivyo hapa vina mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba, lakini una marejesho, na najua ndiyo yanayowatia hofu. Tazameni hesabu: mkopo wa kikundi ni deni la kikundi. Kumwondoa mgonjwa hakupunguzi deni hata kwa shilingi moja. Kunapunguza mikono ya kulilipa.

Ninachopendekeza ni kifungu kimoja katika katiba ya kila kikundi. Mwanachama aliye na cheti cha zahanati apewe kusuka ukili nyumbani, ukili upimwe kwa pima, kila pima iwe na bei iliyokubaliwa na wote, na bei hiyo iingizwe katika fungu lake la marejesho. Aliyesuka pima tano ahesabiwe tano. Asihurumiwe kwa kuongezewa wala asiadhibiwe kwa kukatwa. Muda wa utaratibu huo uandikwe, na ukiisha hali yake iangaliwe upya.

Afisa Maendeleo ya Jamii anazo nakala za rasimu ya kifungu hicho. Makatibu wazichukue kabla ya kuondoka, zisomwe katika kikao cha mwezi huu mbele ya wanachama wote, wagonjwa wakiwemo. Asiyeweza kufika kikaoni kwa sababu ya mgongo, kikao kifanyike kwake.