UDONGO MIKONONI MWA MTOTO
Hotuba kwa wazazi wa Eldoret



Wahenga walisema, "Udongo uwahi ungali maji." Methali hii husemwa sana juu ya malezi. Walakini leo yafaa ichukuliwe kama ilivyo: udongo wenyewe, na mtoto mwenyewe.

Tangu zamani watoto wachungaji wa nchi hizi walifinyanga ng'ombe wa udongo pasipo mwalimu. Siku hizi kazi hiyo imeingia shuleni. Tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika kote Kenya mwaka 2019, mara nyingi mtoto hurudi nyumbani na kazi ya mikono, aifanye pamoja na mzazi wake. Hapo ndipo kosa huzaliwa. Usiku umeingia, mzazi amechoka, na ng'ombe wa mtoto amepinda miguu. Basi mzazi huuchukua udongo, akafinyanga ng'ombe mzuri, na asubuhi mtoto hupeleka shuleni kazi isiyo yake. Mzazi amepata sifa. Mtoto hakupata kitu.

Njia iliyo bora si ngumu. Kwanza, udongo ujaribiwe. Donge dogo lisokotwe kama kamba, kisha lizungushwe kidoleni. Likizunguka bila kukatika, udongo wafaa. Likikatika, una mchanga mwingi. Mtoto asitumwe peke yake kuutafuta ukingoni mwa mto Sosiani, hasa majira ya mvua. Aende na mtu mzima. Mawe na mizizi viondolewe, na udongo ukandwe kama unga wa chapati mpaka ulainike.

Pili, mtoto afinyange kwa mikono yake. Mzazi na afinyange ng'ombe wake kando, mtoto akitazama. Pembe na miguu hung'oka kwa sababu udongo hunywea ukaukapo, na sehemu nyembamba hukauka mbele ya sehemu nene. Kwa hiyo mahali pa kuungia pakwaruzwe kwa kijiti pande zote mbili, papakwe uji wa udongo, ndipo pabanwe. Kisha ng'ombe akae kivulini siku kadhaa, amefunikwa kitambaa chenye unyevu kidogo, wala asianikwe juani.

Tatu, asitiwe katika jiko la nyumbani. Unyevu uliobaki ndani hugeuka mvuke na kumpasua, na vipande vyaweza kumjeruhi mtoto. Tena udongo haugeuki kigae mpaka upate moto wa digrii 600 hivi. Kazi hiyo ni ya mfinyanzi mwenye ujuzi.

Je, ng'ombe akipasuka? Udongo usiochomwa hupondwa, hulowekwa, ukakandwa tena. Mtoto aonaye ya kwamba kazi iliyoharibika yaweza kuanzwa upya amejifunza jambo kubwa kuliko ng'ombe.

Wala kazi hii isidharauliwe. Bibi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, amejulikana ulimwenguni kwa vyungu anavyovifinyanga kwa mikono, bila gurudumu. Si kila mtoto atakuwa mfinyanzi, lakini kila mtoto ahitaji mikono yenye subira.

Basi ng'ombe aliyepinda miguu na apelekwe shuleni vivyo hivyo, na mwenye kumpeleka aweze kusema kwa kweli, "Huyu nimemfinyanga mwenyewe."