Picha Moja ya Kibo Haithibitishi Kitu

Mvua kubwa zikinyesha kaskazini mwa Tanzania, picha za Kilimanjaro uliojaa theluji husambaa kwenye simu pamoja na kejeli kwamba waliodai barafu inakwisha walitudanganya. Kikija kiangazi, husambaa picha za kilele cheusi, safari hii na kilio. Hoja yangu ni kwamba wanaokejeli na wanaolia wana kosa moja: wanahukumu kwa picha moja. Faida ya setilaiti kwa anayetaka kujua hali ya mlima haipo katika uzuri wa picha zake. Ipo katika kurudi. Landsat 8 hupita juu ya eneo lilelile kila baada ya siku 16, mnamo saa nne asubuhi, na setilaiti ya kwanza ya ukoo huo ilirushwa mwaka 1972. Hakuna mpiga picha mwenye subira ya namna hiyo.

Tena setilaiti haitazami kama jicho. Kwetu sisi wingu ni jeupe na theluji ni nyeupe, na Kibo, kilele kirefu zaidi cha Kilimanjaro, hufunikwa na mawingu mara kwa mara. Lakini setilaiti hupima pia mionzi ya infraredi tusiyoiona, ambayo theluji huimeza na wingu huirudisha kwa wingi, hivyo viwili hivyo hutengana. Kinachobaki ni kutenganisha theluji ya jana na barafu ya miaka mingi, na hapo mashine peke yake haitoshi. Watafiti huchagua picha za kiangazi, theluji mpya ikiwa imekwisha kuyeyuka. Kwa kufuata njia hiyo hesabu zinasomeka vizuri: ramani iliyotokana na vipimo vya Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler mwaka 1912 ilionyesha barafu ya kilomita za mraba 12 hivi, kufikia 2011 hazikufika hata 2.

Wapo watakaouliza: mbona mwaka 2002 wanasayansi walitabiri kwamba barafu hiyo ingetoweka kati ya 2015 na 2020, na bado ipo? Swali ni la haki, na utabiri ule haukutimia. Ila tutofautishe kipimo na utabiri. Kipimo kilisema barafu inapungua, na imeendelea kupungua. Utabiri uliurefusha mwelekeo huo hadi mwisho wake, na hapo ndipo ulipokosea. Isitoshe, picha ya kutoka juu huonyesha upana, haionyeshi sababu. Kingo za barafu ya Kibo ni kuta zilizosimama wima, zinazoliwa na jua kutoka ubavuni, na kutoka juu ukuta hauonekani hata kidogo. Ndiyo maana mwaka 2000 kiliwekwa kituo cha hali ya hewa juu ya barafu yenyewe. Watafiti waliotumia vipimo vya pale kileleni wanasema uhaba wa theluji na ukavu wa hewa vina mchango mkubwa, na kwamba sehemu ya barafu hugeuka mvuke bila kuwa maji kwanza. Nawaamini. Ongezeko la joto duniani ni la kweli, lakini kulitwisha kila kitu bila kupima ni uvivu.

Pingamizi zito zaidi ni hili: barafu hiyo ni ndogo mno, hailishi mito yetu, basi ya nini kuhangaika nayo? Nakubali nusu. Maji ya mifereji ya Wachaga na ya mashamba ya tambarare hutokana zaidi na mvua na ukungu unaonaswa na msitu kuliko barafu. Lakini setilaiti inayopima barafu huupiga picha msitu huo pia, na moto umekwisha kuuteketeza sana ukanda wake wa juu. Kovu la moto huonekana wazi kutoka angani hata pale ambapo mtu wa bondeni aliona moshi tu. Picha za Landsat zimekuwa bure kwa yeyote tangu 2008. Halmashauri za Rombo, Moshi, Hai na Siha zimwajiri walau mtu mmoja wa kuzisoma kila mwaka, na matokeo yasomwe kwenye vikao vya madiwani kabla ya msimu wa moto.