MGENI WA MJI ASIWE PEKE YAKE

(Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa vijana)



Tumeombwa tuseme nanyi juu ya safari ambayo wengi wenu mnaikusudia, yaani kutoka katika miji midogo, Korogwe, Nzega, Njombe au Masasi, kwenda kuishi Dar es Salaam. Hatukuja kuwakataza. Sisi wenyewe tulitoka katika miji kama hiyo, tukiwa na cheti cha ualimu mfukoni, wala hatuoni aibu kusema hivyo.

Kwanza tuwaondoe woga. Msikubali kuambiwa ati mji una wenyewe, nanyi ni wahuni tu. Neno hilo ni la zamani. Serikali ya mkoloni ilikuwa ikiwakamata wasio na kazi mjini na kuwarudisha makwao kwa nguvu. Na tuseme kweli bila kuficha: hata baada ya Uhuru, mwaka 1983, watu walikusanywa mitaani katika kampeni ya Nguvu Kazi wakapelekwa mashambani. Wengi walirudi upesi, maana mtu anayetafuta maisha hazuiwi kwa lori.

Mwaka 1957 Dar es Salaam ilikuwa na watu wasiozidi 130,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Je, wote hao ni uzao wa pale? Hata jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wageni ndio walioujenga mji.

Lakini waliujengaje? Hapo ndipo penye somo. Walianzisha vyama vya kusaidiana na kuzikana. Mwaka 1929 wakaunda African Association. Mwaka 1947 makuli wa bandarini waligoma kwa pamoja, na mgomo ukafuata reli hadi bara. Tarehe 7 Julai, 1954, TANU ikazaliwa katika mji huo huo. Mtu mmoja mmoja asingeliweza hayo.

Wazee husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyumbani jembe li nyuma ya mlango. Mjini hakuna atakayekupa. Yakupasa uende nalo. Basi twawaomba mambo matatu.

Kwanza, nenda na kazi ya mikono, hata kama una cheti: kushona, kuchomelea, kufunga umeme. Ajira ya cheti huweza kuchelewa miaka, na tumbo halingoji hata siku moja.

Pili, jua hesabu ya chumba. Mara nyingi mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye hudai kodi ya mwezi mmoja. Anayeshuka stendi ya Mbezi bila akiba atamwelemea ndugu yake, na ndugu akichoka, barabara ndiyo itakayompokea.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ujulikane. Wiki ile ile ya kwanza nenda kwa mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa, uandikwe. Siku utakapotakiwa barua ya utambulisho, utaandikiwa na nani asiyekujua? Ingia katika kikundi. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na vijana huipata mikopo hiyo kwa vikundi. Aliyejifungia chumbani ataisikia redioni tu.

Na kuna jambo zito kuliko fedha. Kijana akiugua chumbani mwake huko Tandale au Mbagala, na jirani hajui jina lake wala kwao, nani atampeleka hospitali? Nani atampelekea mama yake habari? Mji hauna ubaya na mtu huyo. Haujui tu kwamba yupo.

Nanyi mliotangulia mjini, msidhani maneno haya hayawahusu. Mpangaji mpya akiingia nyumbani kwenu, muulizeni jina na kwao, mpelekeni kwa mjumbe, mwonyesheni kikundi chenu. Kazi hiyo haigharimu hata senti moja, nayo ndiyo itakayowafanya wageni milioni kadha kuwa wananchi wa mji mmoja.