KUKOROMA SI JAMBO LA KUCHEKA
(Mawaidha ya afya kwa vijana na wazazi, baada ya swala ya tarawehe)



Alhamdulillah, twamshukuru Mola aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu, na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Amma baad.

Ndugu zangu, kina mama, na nyinyi vijana wenzangu, nimeombwa nizungumze juu ya maradhi ya kisukari. Najua mwangoja nianze na kaimati na chai ya sukari nyingi. La, leo nitaanza kitandani.

Kwetu, baba akilala nyumba nzima yajua. Sisi watoto tukimwigiza anavyokoroma, tukacheka mpaka machozi. Mama ndiye aliyekuwa hacheki. Akisema, "Baba yenu hukoroma kisha hunyamaza kimya, mpaka nimsukume ndipo ashtuke avute pumzi." Hatukumsikiliza. Mchana mzee husinzia hata akizungumza na wageni, tukasema ni umri. Miaka ikapita, akapimwa akaonekana ana kisukari na presha. Siku hiyo daktari akamgeukia mama akamuuliza jambo ambalo sisi hatukuwahi kuuliza: "Mzee hulala vipi?"

NINI HUTOKEA USINGIZINI?

Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine, hasa walionenepa shingo na tumbo, njia ya hewa huziba kabisa au hubaki tundu dogo. Kifua chajitahidi lakini hewa haipiti, kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni katika damu hushuka. Ubongo hushtuka, mtu akavuta pumzi kwa kishindo, kisha akalala tena. Asubuhi hakumbuki chochote.

Madaktari huhesabu. Ikitokea mara 30 au zaidi kwa saa, ni hali kali. Hebu pigeni hesabu: mara 30 kwa saa, kwa saa 7, ni mara 210. Usiku mmoja tu!

SUKARI YAINGIA WAPI?

Kila akishtuka, mwili hudhani kuna hatari. Hutoa homoni za kupambana, na homoni hizo huliambia ini limwage sukari kwenye damu ili mtu apate nguvu za kukimbia. Lakini huyu hakimbii popote, amelala! Tena ule upungufu wa oksijeni hufanya mwili usiitikie vizuri insulini, ambayo ndiyo ufunguo wa kuingiza sukari ndani ya seli. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi, mpaka lishindwe. Hapo ndipo mtu hupata kisukari cha aina ya 2.

Hata kupunjwa usingizi peke yake kuna madhara. Mwaka 1999 watafiti wa Chicago walieleza juu ya vijana 11 wazima waliolala saa 4 tu kwa usiku 6. Miili yao ikawa mizito kuondoa sukari kwenye damu. Na mwaka 2008 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likawahimiza madaktari waangalie maradhi haya mawili kwa pamoja.

Lakini tuseme haki. Si kila anayekoroma ana ugonjwa huu, na unene pekee waweza kuyaleta yote mawili. Siwezi kuapa kwamba koo la baba ndilo lililomletea sukari. Ipo mashine ya kusukuma hewa puani, iliyobuniwa Australia, nayo husaidia sana pumzi na usingizi. Lakini tafiti hazikubaliani kama yashusha sukari. Kwa hivyo mtu asiache dawa zake za sukari.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tulale kwa ubavu, si chali. Kulala ubavu wa kulia ni sunna, na koo hupata nafasi.

Pili, tupunguze uzito. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa watu waliokuwa karibu kupata kisukari, walipopungua kidogo na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hatari yao ilishuka kwa asilimia 58. Basi tusifunge mchana kisha usiku tukalipiza kwa sambusa na sharubati!

Tatu, vijana, kukesha barazani na muguka mpaka daku si ibada. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwili nao una haki juu yetu.

Nne, mwenye kisukari amuone daktari kabla ya kufunga. Mola amempa mgonjwa ruhusa, na kuitumia si udhaifu wa imani.

Mwisho, mgonjwa hajisikii mwenyewe. Shahidi wake ni mke, mume, au mtoto. Usiku wa leo ukimsikia mzazi wako anakoroma, usicheke. Simama usikilize. Ukisikia kimya, kisha mshtuko wa pumzi, na mchana akawa anasinzia au asubuhi kichwa chamuuma, mpeleke hospitali, ukamweleze daktari ulichosikia. Mama yangu alisema miaka mingi, wala hapakuwa na wa kumsikiliza.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu na azikubali saumu zetu. Amin.