Mto Haujavamia Nyumba ya Mtu

Ndugu msikilizaji, kila masika yakikolea jijini Dar es Salaam husikika kauli moja: mto Msimbazi umevamia nyumba za watu. Leo naomba tuitazame kauli hiyo, maana naona inausingizia mto.

Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Husafiri kilomita kama 35, ukapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, hata ukaingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Si mto mkubwa. Lakini ni mchapakazi, na kazi zake ni tatu: kumega, kubeba na kutua mzigo.

Maji yakiwa na kasi humega udongo na kuondoka nao. Wataalamu hukadiria kwamba mwendo wa maji ukiongezeka maradufu, uzito wa jiwe yanaloweza kulisukuma huongezeka mara 64. Ndiyo sababu kijito kilichokuwa kikinong'ona jana, leo kinang'oa nguzo ya daraja.

Mto ukifika penye tambarare mwendo hupungua, nao hutua mzigo: kwanza changarawe, kisha mchanga, mwisho tope laini. Kwenye kona, upande wa nje maji hukimbia na kula ukingo. Upande wa ndani hupoa na kulundika mchanga. Kwa hiyo mto huhama polepole, huku na huku, na katika kuhama huko hulisawazisha bonde zima.

Sasa jiulize: Jangwani ile iliyo tambarare, nani aliisawazisha? Si halmashauri, wala si greda. Ni Msimbazi wenyewe, furiko baada ya furiko, kwa maelfu ya miaka. Kiangazi ulijikunja upande mmoja, sisi tukaona nafasi, tukagawana viwanja.

Sisemi kwamba mafuriko ni laana. Kule Rufiji, vizazi kwa vizazi, wakulima wamepanda mpunga katika tope lililoletwa na mto. Wao waliyangoja maji. Sisi tumeyamwagia zege.

Na zege lina mambo yake. Mvua ikinyesha penye miti, ardhi hunywa sehemu yake. Ikinyesha juu ya mabati na lami, karibu yote hukimbilia mtoni kwa pamoja. Wachimba mchanga nao wanabomoa kingo, takataka zinaziba makalvati, na mchanga wa huko juu unaujaza mkondo huku chini. Mto ukijaa mchanga, maji yapite wapi kama si sebuleni?

Desemba 2011 tulishuhudia. Watu wapatao 40 walipoteza maisha, na baadhi ya waliokosa makazi wakahamishiwa Mabwepande. Mafuriko yalirudi Aprili 2014, yakarudi Aprili 2018. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa Bonde la Msimbazi, pamoja na daraja jipya la Jangwani. Ni jambo jema. Lakini daraja huokoa barabara. Haliokoi chumba kilichojengwa ukingoni.

Simlaumu mpangaji. Anayelala bondeni aghalabu hakupenda. Kodi ya huko ndiyo anayoimudu. Namlaumu anayeuza kiwanja wakati wa kiangazi huku akijua masika yana habari gani.

Basi wewe unayedunduliza fedha za kiwanja, kabla ya kuuliza bei, itazame ardhi. Ukichimba shimo ukakuta mchanga, chini yake tope, chini yake tena mchanga, ujue mto ulikwishapita hapo. Kisha muulize mzee wa mtaa huo: mwaka 2011 maji yalifika wapi?

Maji hufuata mkondo, walisema wahenga. Hawakusema hufuata hati ya kiwanja.

Kwa heri, hadi juma lijalo.