Bili ya Stima ya Miezi Iliyopita: Ulipe au Uulize?



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi mulioketi nasi, mazungumzo ya leo si ya saumu. Ni ya mita. Musicheke. Wengi wetu tumepanga vyumba Kisauni, Likoni, Majengo, wengine Eastleigh huko Nairobi, na mara nyingi mita ni moja kwa ploti nzima. Sasa tuseme mwenye nyumba anakuja magharibi inapokaribia, watu wangoja adhana, karatasi iko mkononi. Stima ya mwaka mzima haikulipwa, asema, jumla shilingi 36,000. Vyumba ni 6, kila chumba 6,000, mwisho Ijumaa, la sivyo anakata. Na wewe umehamia miezi 4 tu iliyopita. Utafanyaje?

Wako watakaolipa papo hapo kwa kuona haya. Mzee ni mzee, na pengine mwaswali safu moja. Wako watakaotoka na matusi, hata mfungo wenyewe wakauharibu. Hawa wawili wanafanana kwa jambo moja: hakuna aliyeiomba ile karatasi akaisoma.

Na kuisoma ni muhimu, kwa sababu bili kama hii haitoki mahali pamoja. Huenda msoma mita alikuta geti limefungwa, bili ikawa ya makadirio mwezi baada ya mwezi, na siku mita iliposomwa kweli ile tofauti yote ikaja kwa mkupuo. Hiyo ni stima iliyotumika, na aliyeitumia anadaiwa. Tusijidanganye. Lakini huenda pia wapangaji walikuwa wakitoa pesa ya stima kila mwezi pamoja na kodi ya nyumba, ikafika kwa mkusanyaji na ikalala hapo. Basi aliyetoa ameshalipa, na ugomvi uliobaki ni wa mwenye nyumba na mtu wake.

Na iko ya tatu, ambayo mimi yaniudhi zaidi: deni la mpangaji aliyehama. Yule alipoingia aliweka dipoziti. Ilikaa kwa nani? Kwa mwenye nyumba. Angeisoma mita siku ile ya kuhama, akakata deni lake humo kabla ya kumrudishia. Sasa amwachilia aende zake, kisha amngojea mgeni aje alipe. Kwa haki gani?

Kwa hivyo muulize kwa adabu. "Mzee, bili hii yaanza tarehe gani na kuisha lini? Mita ilisoma ngapi mwanzo, ngapi mwisho? Ilisomwa au ilikadiriwa?" Omba namba ya akaunti pia. Ukiwa nayo waweza kuuliza bili kwa simu yako kupitia *977# ya Kenya Power, bila kugombana na mtu. Kisha toa meseji zako za M-Pesa. Kama ulizifuta, omba taarifa ya akaunti yako. Malipo ya zamani utayaona humo.

Tuirudie ile hesabu. Shilingi 36,000 kwa miezi 12 ni 3,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa vyumba 6, kila chumba ni 500. Miezi yako 4 ni shilingi 2,000. Si 6,000! Na katika hizo 2,000 utoe ulizokwisha kulipa. Tena hapo tumechukulia kuwa vyumba vyote vinatumia sawa, na sote twajua si kweli. Yuko mwenye taa moja na redio, na yuko kinyozi wa chumba cha mbele anayewasha mashine tangu asubuhi. Kama kuna mita ndogo za kila chumba, hizo ndizo zigawanye. Kama hakuna, kaeni nyote mukubaliane, na muandike.

Jambo jingine watu hawaliangalii. Katika bei zilizoanza Aprili 2023, matumizi ya nyumbani yaligawanywa mafungu matatu: hadi uniti 30 kwa mwezi, zaidi ya 30 hadi 100, na zaidi ya 100. Fungu la juu lina bei ya juu kwa kila uniti. Basi vyumba 6 vyenye uniti 25 kila kimoja, mita ikiwa moja, ni uniti 150. Mukawa mwalipa bei ya mwenye jumba la kifahari, na huku mungestahili ile ya chini kabisa. Hii haimaanishi mwenye nyumba amewaibia. Yamaanisha kumwomba mita za tokeni za kila chumba si usumbufu, ni hesabu.

Akikataa kuonyesha karatasi je? Mwandikie barua fupi, ubaki na nakala. Kama kosa ni la bili yenyewe, malalamiko yaanze kwa Kenya Power, na yasiposikizwa yaende EPRA, mamlaka inayosimamia kawi. Musione kuwa kuuliza ni ujeuri: Januari 2018 wakili Apollo Mboya alikwenda Mahakama Kuu kupinga bili za nyuma zilizofika shilingi bilioni 10.1, na mahakama ikazisimamisha kwa muda.

Kama mzozo ni wa pesa baina yako na mwenye nyumba, mfano amezuia dipoziti yako kwa deni lisilo lako, iko Mahakama ya Madai Madogo. Husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na waweza kujisimamia bila wakili. Kwa kadhi musiende na hili. Mamlaka yake kikatiba ni ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Na akitisha kuchukua friji yako, mukumbuke sheria ya kukamata mali ni ya kodi ya nyumba, tena kwa dalali mwenye leseni. Deni la makubaliano nalo lina mwisho wa kudaiwa mahakamani: miaka 6.

Najua kuna atakayeniuliza, "Na nikikuta kweli nadaiwa?" Basi ulipe, deni ni jambo zito kwetu. Lakini si lazima lote Ijumaa hii, na Idi iko mlangoni na watoto wataka nguo. Muombe awamu. Wazee wengi wakiona mtu amekuja na hesabu yake mkononi hulegea. Akikubali, yaandikwe kiasi na tarehe, mutie sahihi nyote wawili, na kila ukitoa awamu upewe risiti.

Wassalaam alaykum.